Mwaka Mpya wa Miti: mwongozo kamili wa Tu BiShvat, kuanzia hesabu ya mche hadi meza ya matunda

Katika mapokeo ya Kiyahudi mti una mwaka wake, na mwaka huo huanza tarehe 15 ya mwezi wa Shevati. Siku hiyo ndiyo Tu BiShvat, na siku hizi wengi huieleza kama sikukuu ya mazingira. Haikuanza hivyo. Ilianza kama siku ya kufunga hesabu za zaka, kama vile tarehe 30 Juni inavyofunga mwaka wa fedha wa serikali ya Kenya na ya Tanzania. Nimeandika mwongozo huu kwa mtu anayetaka kuiadhimisha siku hiyo nyumbani, au aliyealikwa mezani na anataka kuelewa anachokiona. Tutaanza na hesabu, maana humo ndimo heshima ya mti ilimokaa. Matunda na divai vilikuja karne nyingi baadaye.

Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za marabi, katika sehemu yake iitwayo Rosh Hashanah, inataja miaka mipya minne: 1 Nisani kwa wafalme na sikukuu, 1 Eluli kwa zaka ya mifugo, 1 Tishri kwa miaka yenyewe, na mwaka wa miti. Kuhusu huu wa mwisho shule mbili za marabi zilitofautiana. Shule ya Shamai ilisema ni 1 Shevati, ya Hileli ikasema ni 15, na kauli ya Hileli ndiyo inayofuatwa mpaka leo. Sababu inayotolewa na Talmudi, mjadala mrefu wa marabi juu ya Mishna, ni kwamba kufikia hapo mvua nyingi za mwaka zimekwisha kunyesha katika nchi ya Israeli. Tunda linaloanza kutokeza baada ya tarehe hiyo linahesabiwa kuwa la mwaka mpya.

Kwa nini mkulima ajali? Kwa sababu zaka ya pili, iliyotolewa kwenye mavuno baada ya zaka ya kwanza, ilibadilika kadiri ya mwaka. Katika mzunguko wa miaka saba, mwaka wa 1, wa 2, wa 4 na wa 5 mwenye shamba aliipeleka Yerusalemu akaila huko mwenyewe. Mwaka wa 3 na wa 6 iliwaendea maskini. Tini za mwaka mmoja hazikuweza kutolewa zaka kwa niaba ya tini za mwaka mwingine. Talmudi inasimulia kwamba Rabi Akiva alichuma etrogi, tunda la jamii ya limau, siku ya 1 Shevati, akalitolea zaka mbili, ya mwaka unaokwisha na ya mwaka unaoanza. Huo ndio moyo wa siku hii: usimpunje maskini kwa kukosea tarehe.

Hatua ya kwanza: ipate tarehe, kisha tazama imeangukia siku gani

Kalenda ya Kiyahudi hufuata mwezi, nayo hurekebishwa ili isiachane na majira ya jua. Kwa hiyo Tu BiShvat hutangatanga kati ya Januari na Februari. Mwaka 2027 itaanza jioni ya Ijumaa tarehe 22 Januari na kwisha Jumamosi tarehe 23 usiku ukiingia. Mwaka 2028 itaanza Ijumaa jioni, 11 Februari, hadi Jumamosi ya tarehe 12. Msomaji wa pwani hatapata taabu na siku inayoanza jua likichwa. Ndivyo wazee wetu walivyohesabu pia.

Miaka yote miwili siku imeangukia Sabato, na hilo linabadilisha mipango. Siku ya Sabato hairuhusiwi kupanda, kuchimba, kumwagilia, kuchuma tunda wala kuwasha moto. Basi chakula kiwe tayari kabla ya jua kuchwa Ijumaa, na shughuli ya kupanda isogezwe hadi Jumapili. Ikiangukia siku ya kawaida, kazi zote zinaruhusiwa. Tofauti pekee kwenye sinagogi ni kwamba sala za toba ziitwazo Tahanun huachwa. Kufunga siku hiyo pia hakufai.

Hatua ya pili: ufanyie hesabu mti wako

Kitabu cha Mambo ya Walawi 19:23-25 kinaagiza kwamba mti wa chakula ukipandwa, matunda yake ya miaka mitatu ya kwanza yasiliwe, ya mwaka wa nne yawe matakatifu, na ya mwaka wa tano yaliwe. Yale ya miaka mitatu huitwa orla. Hayaliwi, hayauzwi, hata mbuzi hapewi. Sheria nyingi za kilimo za Torati hufungwa na mipaka ya nchi ya Israeli, lakini hii humfuata Myahudi popote alipo. Mwenye mwembe mpya nyuma ya nyumba Nairobi anahusika nayo. Abayudaya pia wanahusika, wale Wayahudi wa vilima vya karibu na Mbale, Uganda, ambao jumuiya yao ilianzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919. Wengi wao ni wakulima, kwa hiyo sheria hii wanakutana nayo shambani.

Fanya hivi. Siku unapopanda, andika tarehe kwenye daftari, au kwenye kibao ukifunge shinani. Kisha tazama zimebaki siku ngapi kufikia Rosh Hashanah, mwaka mpya wa Tishri. Zikiwa 44 au zaidi (14 za mizizi kushika, na 30 zinazotosha kuitwa mwaka), kipande hicho cha mwaka kinahesabiwa kuwa mwaka mzima. Zikiwa pungufu, mwaka wa kwanza unaanza Rosh Hashanah yenyewe.

Chukua mwembe uliopandwa Aprili 2026 katika mvua za masika. Rosh Hashanah iliangukia 12 Septemba 2026, mbali kabisa na mpaka wa siku 44, hivyo miezi hiyo michache ni mwaka wa kwanza. Wa pili unakwisha Rosh Hashanah ya 2 Oktoba 2027. Wa tatu unakwisha ile ya 21 Septemba 2028. Ungedhani kifungo kimeisha hapo, lakini mti haufungi mwaka Septemba, unafunga Tu BiShvat. Tunda lolote litakalotokeza kabla ya 31 Januari 2029 bado ni orla, hata likiiva Machi. Yatakayotokeza kuanzia siku hiyo hadi Tu BiShvat inayofuata, 19 Januari 2030, ni ya mwaka wa nne. Wakati wa Hekalu yalipelekwa Yerusalemu. Leo hukombolewa kwa sarafu na maneno maalumu, ingawa kwa nje ya Israeli marabi wametofautiana kama ukombozi huo ni lazima kwa miti yote au kwa mizabibu tu. Uliza rabi wa jumuiya yako. Baada ya hapo kula bila wasiwasi.

Mambo matatu huwatatiza watu.

La kwanza ni mche wa kitaluni. Ukiutoa kwenye kiriba na donge la udongo likabaki zima limeikumbatia mizizi, yapo maoni kwamba umri wa kitaluni unahesabika. Udongo ukipukutika mizizi ikabaki wazi, anza upya. Mti uliokatwa karibu na ardhi ukachipua tena nao huanza upya.

La pili ni kubebesha. Torati inakataza kuunganisha aina mbili za miti. Embe dodo juu ya shina la mwembe halina tatizo. Lakini michungwa mingi ya vitalu vyetu hubebeshwa juu ya shina la limau, na hapo muulize rabi kabla hujalipa. Matunda yake kuliwa yanaruhusiwa. Swali liko kwenye kuupanda na kuutunza.

La tatu ni sokoni. Usimhoji mama muuza maembe mti wake una miaka mingapi. Nje ya nchi ya Israeli, tunda ambalo una shaka tu kama ni orla linaruhusiwa.

Na mgomba? Kwa sheria hizi mgomba si mti, kwa kuwa shina lake hufa likishazaa mkungu. Hauna orla. Mpapai una mjadala wake, na marabi wengi wameuweka upande wa mgomba.

Hatua ya tatu: nenda sokoni na orodha

Anza na matunda ya Kumbukumbu la Torati 8:8, aya inayoisifu nchi kwa ngano, shayiri, mizabibu, mitini, mikomamanga, mizeituni na asali, ambayo marabi waliielewa kuwa ni ya tende. Matano ni ya miti: zaituni, tende, zabibu, tini na komamanga. Tende ndizo rahisi kuliko zote. Mwaka 2027 Ramadhani inatarajiwa mwanzoni mwa Februari, kwa hiyo kufikia 22 Januari maduka yatakuwa yameanza kuzijaza. Zaituni nunua zilizohifadhiwa kwa chumvi. Tini mbichi ni adimu huku, za kukausha zinatosha.

Ongeza lozi. Mlozi ndio wa kwanza kuchanua Israeli, mara nyingi majira hayohayo ya Shevati, na ndiyo fimbo ya Haruni iliyochanua na kuzaa katika Hesabu 17:8. Kwa Wayahudi wa Ulaya tunda la siku hii lilikuwa karobu, ganda refu la rangi ya kahawia, kwa sababu lilivumilia safari ndefu ya meli bila kuoza. Ni gumu na halina ladha ya kujivunia, nasema bila kificho. Lakini lina kisa chake katika Talmudi. Honi, yule mwomba mvua, alimkuta mtu akipanda mkarobu, akamuuliza utazaa baada ya muda gani. Akajibiwa miaka 70. Honi akamuuliza kama anatarajia kuishi hadi aule. Yule mtu akasema aliikuta dunia ina mikarobu waliyompandia babu zake, naye anawapandia wanawe.

Usipoteze fedha kutafuta matunda ya Yerusalemu pekee. Nazi, korosho, embe, parachichi, zambarau, pera na ukwaju ni matunda ya miti na yana nafasi kamili mezani. Tafuta pia tunda moja la msimu ambalo hujalionja tangu msimu uliopita. Utalihitaji kwa Shehecheyanu, baraka ya kushukuru kwa kufikishwa wakati huu.

Wadudu wasipuuzwe. Sheria ya chakula cha Kiyahudi inakataza kula mdudu hata akiwa mdogo sana. Tende ipasue, toa kokwa, tazama ndani. Tini kavu ifunue na kuiinua kwenye mwanga. Karobu ivunje vipande. Kazi hii ifanye mchana, na ikiwa ni kwa ajili ya Sabato, ifanye Ijumaa mapema.

Divai iwe ya kosher, yaani inayokubalika kwa sheria ya chakula cha Kiyahudi, nyeupe na nyekundu, au maji ya zabibu ya kosher ya rangi hizo mbili. Mahali isipopatikana, iko njia ya kale inayokubalika: loweka zabibu kavu nzuri katika maji kwa siku tatu, zikamue, uchuje.

Hatua ya nne: panga meza ya vikombe vinne

Mlo wa utaratibu, seder, wa Tu BiShvat uliota katika duru za Wakabala, wafuasi wa elimu ya siri ya Kiyahudi iitwayo Kabala, waliofuata mafundisho ya mji wa Tzfat, Galilaya, ya karne ya 16. Maandishi yake yanayojulikana zaidi ni kijitabu Pri Etz Hadar kilichochapwa Venice mwaka 1753. Kilichukuliwa kutoka kitabu kikubwa, Hemdat Yamim, ambacho marabi kadhaa walikishuku kuwa na harufu ya wafuasi wa Shabtai Tzvi, yule masihi wa uongo. Ndiyo maana ziko familia za kidini zinazokula matunda siku hiyo na kuachana kabisa na vikombe vinne. Ukialikwa kwao, usiulize vikombe viko wapi.

Kwa wanaoufuata, matunda hupangwa kwa ngazi za ulimwengu kama Kabala inavyozieleza. Sahani ya kwanza, ya ulimwengu wa Asiya, ina matunda yanayovikwa ganda lisiloliwa: lozi, korosho, nazi, komamanga. Kikombe chake ni divai nyeupe tupu. Sahani ya pili, Yetzira, ni matunda laini nje yenye kokwa ngumu ndani: tende, zaituni, zambarau, na embe kwa wengi. Kikombe chake ni cheupe kilichotiwa nyekundu kidogo. Ya tatu, Beria, ni matunda yanayoliwa yote, kama zabibu zisizo na mbegu, tini na mapera. Divai sasa ni nyekundu yenye nyeupe kidogo. Ya nne, Atzilut, haina tunda. Wengine huweka kitu cha kunusa, kama mkarafuu au jani la mchaichai, na kikombe ni chekundu kitupu. Mwendo wa rangi ni wa majira, kutoka weupe wa kipupwe kwenda wekundu wa maua.

Desturi ya zamani ilitaka aina 30, kumi kwa kila sahani. Sifa ni kwa anayeweza. Kwa familia ya kawaida aina tatu kwa sahani zinatosha, na watoto hawatasinzia. Kati ya sahani someni aya inayohusu tunda lililopo, na mwisho Zaburi 104, yenye mierezi ya Lebanoni aliyoipanda Mungu.

Hatua ya tano: baraka kwa mpangilio wake

Hapa ndipo wageni hupotea, na wenyeji wengine pia. Baraka ya tunda la mti ni: Baruch ata Adonai Eloheinu melech ha'olam, borei pri ha'etz, yaani anabarikiwa Mungu, mfalme wa ulimwengu, muumba wa tunda la mti. Hutamkwa mara moja kwa matunda yote ya mti, huku umeshika lile linalotangulia kwa heshima. Aya ya Kumbukumbu la Torati inaitaja nchi mara mbili, na tunda lililo karibu zaidi na neno hilo hutangulia. Kwa hiyo mpangilio ni zaituni, tende, zabibu, tini, komamanga. Ona kwamba huu haufanani na mpangilio wa sahani. Suluhisho la wengi ni kuweka zaituni au tende moja mwanzoni kabisa, waibarikie, kisha waendelee na sahani zao.

Divai ina baraka yake, borei pri hagafen, nayo hutangulia matunda. Ndizi, nanasi na karanga hubarikiwa kwa borei pri ha'adama, tunda la ardhi, na huja baada ya ya miti. Nimeona orodha za seder zinazoiweka ndizi kwenye sahani ya maganda. Iacheni tu, ila baraka yake isichanganywe na ya lozi. Tunda jipya la msimu huongezewa Shehecheyanu.

Aliyekula kiasi cha zaituni moja (wengi hukadiria mililita 27 hadi 30) cha matunda yale matano husema baada yake baraka ndefu, Al ha'etz. Kwa embe na wenzake ni fupi, Borei nefashot. Usiku wa Sabato mambo hurahisika: matunda yakiliwa ndani ya mlo wa mkate, kabla ya Birkat Hamazon, sala hiyo ya baada ya chakula inafunika yote, na baraka ya divai iliyosemwa kwenye kidushi, ibada fupi ya kuikaribisha Sabato, inatosha kwa vikombe vya meza hiyo.

Hatua ya sita: kupanda, kwa msimu wa mahali ulipo

Kupanda miti siku hii ni desturi changa. Mwaka 1890 mwalimu Ze'ev Yavetz aliwatoa wanafunzi wake wa Zikhron Ya'akov kwenda kupanda, na mwaka 1908 chama cha walimu kikaieneza mashuleni. Mfuko wa Keren Kayemet LeYisrael, ulioanzishwa 1901, ukaifanya kazi ya taifa, na wenyewe unasema umepanda zaidi ya miti milioni 240. Sehemu kubwa ya mwanzo ilikuwa misonobari ya aina moja, inayoshika moto upesi, kama ulivyoonyesha moto wa mlima Karmeli wa Desemba 2010. Baadhi ya misitu hiyo imesimama juu ya magofu ya vijiji vya Wapalestina vilivyobaki bila watu mwaka 1948 na 1967. Anayepeleka fedha za kupandiwa mti Israeli ana haki ya kuuliza unapandwa wapi, na aina gani. Vilevile mwaka wa kuanzia Septemba 2028 ni wa shmita, mwaka wa saba wa kuipumzisha nchi, ambapo kupanda huko kunakatazwa.

Huku kwetu kosa la kawaida ni kuiga mwezi. Shevati ni majira ya mvua Israeli. Sehemu kubwa ya Kenya, Uganda na kaskazini mwa Tanzania huwa kavu Januari na Februari, na mche ukiwekwa wakati huo utaishi kwa ndoo yako. Tumia Tu BiShvat kuchimba mashimo, kutia samadi na kuagiza miche, upande mvua za masika zikishika. Ukilazimika kupanda siku yenyewe, weka matandazo na mwagilia jioni.

Mapokeo yanampa mche uzito wa ajabu. Kauli ya Rabani Yohanan ben Zakai ni kwamba ukiwa na mche mkononi ukaambiwa Masihi amefika, panda kwanza, kisha nenda ukampokee. Waislamu watakumbuka hadithi ya Mtume iliyo jirani kabisa, ya Kiyama kumkuta mtu na mche mkononi.

Hatua ya saba: kabla ya kushika shoka

Kumbukumbu la Torati 20:19-20 inalikataza jeshi linalouzingira mji kukata miti ya matunda. Marabi wakalitanua katazo hilo hadi kila uharibifu usio na maana, bal tashchit. Talmudi inaweka kipimo: mtende unaotoa kav moja ya tende (lita 1.4 hadi 2.4, kutegemea kipimo unachofuata) haukatwi, na kwa mzeituni robo ya kav inatosha kuulinda. Rabi Hanina alisema mwanawe hakufa ila kwa sababu alikata mtini kabla ya wakati wake.

Inaruhusiwa mti ukizaa chini ya hapo, ukiharibu miti bora zaidi, ukimdhuru jirani, au mbao zake zikiwa na thamani kuliko matunda. Kupogoa ni halali. Mti usio wa matunda hukatwa kwa haja. Hata pale sheria inaporuhusu wengi huogopa, hivyo muulize rabi, na ukiweza uhamishe mti na donge lake badala ya kuukata. Wako marabi waliolichukulia katazo hili kwa uzito wa siasa ya leo: wa shirika la Rabbis for Human Rights huenda kuvuna zaituni pamoja na wakulima wa Kipalestina ambao mizeituni yao imekatwa au kuchomwa na walowezi.

Hatua ya nane: Nisani

Miezi miwili au mitatu baadaye kuna baraka ya maua, Birkat ha'ilanot, inayosemwa mara moja kwa mwaka mbele ya miti ya matunda iliyochanua. Mwezi wa Nisani wa mwaka 2027 ni 8 Aprili hadi 7 Mei. Tafuta angalau miti miwili ya matunda, ikiwa na maua ambayo bado hayajawa tunda. Ukisubiri mpaka tunda likomae, umechelewa. Mti ulio ndani ya miaka ya orla wengi huukwepa kwa baraka hii, kwa hiyo ule mwembe wa Aprili 2026 uache, uende kwa miti ya jirani mwenye shamba la zamani.